Pampu Tuliyoifuata Ufaransa

Tangu nirudi, siwezi kununua nyanya kwa amani. Muuzaji ananishika mkono na kuuliza Ulaya kukoje, na kabla sijajibu wanunuzi wengine wameshasogea kusikiliza. Nimekuwa nikimpa kila mtu kipande kimoja cha habari, na vipande hivyo vimezunguka Newala na kunirudia vikiwa vimeota mikia. Nimesikia kwamba nililishwa uozo. Nimesikia kwamba Diwani alilazwa zizini. Juzi nimesikia kwamba tulipewa pampu mpya kabisa tukaiuza Dar es Salaam. Ndiyo maana nimekaa kuandika safari yote, ili anayetaka kutusema atuseme kwa yale tuliyoyafanya kweli.

Tulikuwa wawili: mimi, Mama Tumaini, mwalimu wa jiografia, na diwani wetu Mzee Nandonde, ambaye wengi tunamwita Baba Saidi. Sababu ya safari mnaijua. Mashine iliyokuwa ikisukuma maji kutoka bondeni hadi huku juu ilikufa, Serikali ikasema siku hizi wananchi wanachangia huduma, na wanawake wakaanza tena kushuka mteremko na ndoo kama walivyoshuka mama zao. Wakati huohuo kikatokea kijiji kimoja cha Ufaransa kinachotaka urafiki na sisi. Kiungo alikuwa Odeti, muuguzi mzee aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni huku kwetu enzi za ujana wake, na sasa amerudi kuishi kwao. Watu wa zamani wanamwita Sista Odeti, ingawa hajawahi kuwa sista. Nauli walitoa wao. Kazi yetu ilikuwa kwenda kuomba pampu.

Newala hadi Masasi

Gari la halmashauri lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu, kwa hiyo tuliomba lifti kwenye lori la mnunuzi wa korosho. Zamani korosho zote zilikwenda ushirika. Sasa ni soko huria, na yeyote mwenye lori na mizani ni mnunuzi. Huyu wetu alikuwa kijana mpole mwenye miwani ya jua, na alisimama kila kijiji kupima magunia.

Baba Saidi hakuweza kuona watu wamekusanyika asiwahutubie. Kila liliposimama lori alishuka, akaeleza faida za soko huria: kwamba ushindani utainua bei, kwamba mkulima sasa ni bwana. Alieleza vizuri mno. Tulipofika kijiji cha tatu au cha nne, watu wakaamini kwamba yeye ndiye mwenye lori, wakamletea malalamiko ya mizani. Mzee mmoja akasema ubishi wa nini, mheshimiwa apande mwenyewe tuone. Mnamjua Baba Saidi alivyojaaliwa mwili. Alipanda, na mizani ikasema ana uzito wa mtoto wa darasa la nne.

Watu hawakucheka. Walimtazama tu. Baba Saidi akashuka taratibu, akasema kazi ya kuwatumikia wananchi inakondesha. Kijana wa miwani ya jua akakumbuka ghafla kwamba tunachelewa.

Na kweli tulichelewa. Masasi tulikuta basi limeondoka, tukalala kwa shemeji yangu. Shemeji alitupikia ming'oko, akatufungia na mingine ya kuwapelekea Wafaransa, maana mgeni haendi mikono mitupu.

Masasi hadi Dar es Salaam

Basi la kesho yake lilikwenda vizuri hadi Ndanda, ambako abiria wote walishuka kununua mikate, na dereva akashuka kumtazama shangazi yake aliyelazwa hospitali. Hakuna aliyelalamika. Wengine walimfuata wodini kumpa pole mgonjwa, na abiria mmoja akapatwa na maradhi palepale akabaki kutibiwa.

Mtoni Rufiji pantoni lilikuwa bovu. Tulikaa ukingoni tukila samaki na ugali wa mama mmoja ambaye, kadiri foleni ilivyorefuka, samaki wake walizidi kuwa wadogo. Mbele yetu kulikuwa na mfanyabiashara wa mitumba mwenye robota la makoti, na Baba Saidi, aliyeambiwa kwamba Ulaya kuna baridi, akachagua moja la rangi ya zambarau, refu, lenye manyoya shingoni. Lilimkaa barabara. Mimi niliona vishikizo viko upande wa kushoto, nikajua ni koti la kike. Lakini yeye ni mkubwa kwangu, na tayari alikuwa ameniuliza anaonekanaje, nami nilishajibu anaonekana vizuri. Alilivaa hilo koti safari nzima, na Wafaransa nao, kwa adabu zao, hawakusema neno.

Dar es Salaam hadi kwa Meya

Ndani ya ndege Baba Saidi aliwasalimia watu wote wa safu yetu na wa safu ya nyuma, akakaa kusubiri waulize habari za alikotoka. Hawakuuliza. Alihuzunika kidogo, akalala. Paris sikuiona. Niliona uwanja wa ndege, askari wawili na mbwa. Askari walikuwa wamefungua mfuko wa ming'oko, wakitaka kujua ni kitu gani. Nilisema kwa Kiingereza kwamba ni mizizi, tunakula. Wakauliza ikiliwa mtu anajisikiaje. Nikasema anajisikia ameshiba. Jibu hilo halikuwaridhisha. Mbwa alinusa akapiga chafya, na ming'oko ya shemeji yangu ikabaki Paris.

Tukapanda treni mchana kutwa, kisha treni nyingine ndogo, na mwisho wa reli tukamkuta Meya mwenyewe akitungoja. Baba Saidi alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia Meya, kwa sababu kwetu meya ni mtu wa jiji. Aliyetujia alikuwa mwanamume mwenye viatu vya mpira, gari lake linanuka kondoo, na neno la kwanza alilotoa lilikuwa shikamoo. Sista Odeti alikuwa amewafundisha kijiji kizima, ila alisahau kuwaeleza nani anamwamkia nani. Baba Saidi akaitikia marahaba, na tangu hapo akamchukulia Meya kama mwanawe, ingawa Meya alikuwa na mvi kumshinda.

Mourezac

Kijiji kinaitwa Mourezac. Baba Saidi alikiita Mlezaki hadi mwisho, na wenyewe wakazoea. Wakazi wake ni wachache kuliko kidato changu cha kwanza, na wengi wamezeeka. Nyumba ni za mawe, mapaa ya mawe, kuta za mashamba ni mawe. Nyingi zimefungwa madirisha.

Mimi kama mwalimu wa jiografia nilifurahi sana. Ile ni nyanda ya juu ya mawe ya chokaa, na mvua ikinyesha ardhi inameza yote. Hakuna mto wala kijito. Maji yako chini kabisa, kwenye korongo, kama yetu yalivyo chini ya mteremko. Nilisimama ukingoni mwa korongo lile Novemba, meno yananigonga kwa baridi, nikaona kabisa kwamba niko Newala.

Tulifikia kwa Sista Odeti. Kiswahili chake ni cha huku huku kwetu, cha zamani, anasema "nangu" badala ya mimi kama bibi yangu. Jirani yake alikuwa Mzee Fernand, mfugaji wa kondoo aliyefiwa na mke, watoto wake wakiwa mjini. Jioni ya kwanza alikuja na sufuria ya supu ya maharage, akamwashiria Baba Saidi waende kuona kondoo. Walikwenda, wakakaa huko mpaka Sista akaingiwa na wasiwasi. Kila mmoja alisema lugha yake. Baba Saidi aliporudi aliniambia kwamba Fernand alipokuwa mtoto alishuka korongoni na punda kuteka maji kila siku, na kwamba kondoo mmoja ana kwato mbovu. Niliuliza amejuaje yote hayo. Akasema kwani Fernand hakusema?

Habari za uozo ni hizi: nyumba moja tuliyoalikwa walitupatia jibini lenye ukungu wa kijani. Mimi nilikula. Baba Saidi alimvuta Sista pembeni, akamwomba amwambie mwenye nyumba kwa siri kwamba chakula chake kimeharibika, asije akaaibika mbele ya wageni wengine. Sista akasema, "Nangu hilo sitafsiri."

Urithi

Kesho yake Meya alitutembeza kuona historia ya kijiji. Alituonyesha tanuri la mkate ambalo halijawashwa tangu babu yake. Alituonyesha birika la kufulia ambalo hakuna anayefulia, bwawa la kunyweshea kondoo lililokauka, kituo cha treni kisichofikiwa na treni, na ukuta ambao zamani ulikuwa ngome. Kila kimoja kilikuwa na kibao chenye maelezo, na maua. Baba Saidi kila mahali aliuliza kama kitu kile kinafanya kazi, na kila mahali Meya alijibu kwa fahari kwamba hapana, ni urithi.

Kisha tukapita vitu ambavyo havikuwa na vibao. Posta, iliyofungwa mwaka uliopita. Duka, lililofungwa. Shule yenye darasa moja, ambayo ilikuwa mbioni kufungwa kwa sababu Serikali yao inaona watoto ni wachache na gharama ni kubwa. Basi lilikuwa likija kila siku, sasa linakuja siku ya soko. Baba Saidi aliuliza kwa upole kama nao wamewekewa masharti na wakopeshaji. Meya akasema hakuna wakopeshaji, wamejiwekea wenyewe. Baba Saidi alifikiri njia nzima. Aliniambia kwamba kubanwa na mtu anayekudai kunaeleweka, lakini kujibana mwenyewe na huna deni, hiyo ni hatua ya maendeleo ambayo sisi bado hatujaifikia.

Usiku alinipa hitimisho lake la ziara. Urithi ni kitu kilichoharibika kikawekewa kibao. Akahesabu mali zetu: mabomba makavu, ghala la ushirika, kiwanda cha korosho kinacholala popo. "Mwalimu," akasema, "sisi ni matajiri. Tunachokosa ni vibao."

Chakula cha mchana

Siku kubwa ya ziara ilikuwa Jumamosi. Mkubwa mmoja kutoka makao ya mkoa wao angekuja kula nasi chakula cha mchana. Mtu huyo ndiye alikuwa na sauti juu ya fedha za urafiki, maana yake pampu yetu. Na ndiye pia alikuwa na sauti juu ya shule ya Meya. Kwa hiyo Meya na sisi tuliingoja siku hiyo kwa hamu moja.

Alhamisi asubuhi Fernand alikutwa amefariki kitandani.

Padri alihudumia vijiji vingi, na nafasi aliyokuwa nayo ilikuwa Jumamosi, adhuhuri. Watoto wa marehemu walikuwa njiani lakini wafanyakazi wa treni walikuwa wamegoma. Na kutoka kanisani hadi makaburini ni mlima, gari halipiti. Zamani, Sista alisema, wanaume walipokezana mabega. Sasa wanaume waliobaki na mabega ya kubeba walikuwa Meya, shemeji yake mwenye mgongo mbovu, na mleta barua. Kampuni ya mazishi ilikuwa na kigari kidogo cha magurudumu, na Meya akaona kigari kitatosha. Alikuja kutuambia hivyo akiwa amekunja kofia mikononi, hatutazami usoni.

Baba Saidi alisikiliza tafsiri hadi mwisho. "Mwambie Meya," akasema, "mimi Jumamosi siko kwenye chakula. Nina msiba."

Niligombana naye. Ndiyo, niligombana na mtu mzima, mbele ya Sista. Nilimwambia kwamba marehemu hatajua amebebwa na nini, na kwamba kule nyumbani kuna wanawake wenye mimba wanaopanda mteremko na ndoo kichwani, na wao ndio waliotutuma. Hakukasirika. Alisema nimesema kweli, na kwamba Kiingereza ninacho mimi, si yeye, basi niende nikale. Yeye mwislamu, anayezikwa mkatoliki, lakini jeneza halina dhehebu begani. Alisema mtu aliyekupa supu huwezi kumsukuma na kigari.

Nikaenda kula. Mezani tulikuwa Meya, mkewe, mwalimu wa shule yao, mkubwa yule na mimi. Mkubwa alikuwa mtu muungwana, Kiingereza chake kizuri. Nilimweleza habari ya mteremko na mashine iliyokufa. Alisikiliza kwa makini, akaniambia kwamba ameona picha za wanawake wetu wakipanda na ndoo vichwani na kwamba ni kitu kizuri mno. Alipendekeza itumwe kwanza timu ya kurekodi nyimbo zao za njiani, kwa sababu pampu ikishakuja urithi huo utapotea.

Nilimwambia kwamba mama yangu alipanda mteremko ule maisha yake yote na hakuna aliyeimba. Pumzi ya kuimbia haipo. Akacheka kwa heshima, akamimina mvinyo, akasema habari ya mashine yenyewe tutaizungumza wakati wa kahawa, na ya shule pia. Nikatazama meza. Tulikuwa bado kwenye nyama. Baada ya nyama kulikuwa na jibini, baada ya jibini tamutamu, kisha ndiyo kahawa.

Kengele ilikuwa imeanza kulia. Dirishani nikawaona wanatoka kanisani. Walikuwa wanne: mleta barua na Baba Saidi mbele, nyuma shemeji mwenye mgongo na mzee mmoja mfupi kiasi kwamba upande wake wa jeneza ulikuwa umeinama. Baba Saidi alikuwa amevua koti lake la zambarau katika baridi ile, amebaki na shati. Wanawake wazee walifuata, na Sista Odeti. Mlima ulikuwa mbele yao.

Mkubwa akageuka kutazama, akamuuliza Meya kama hiyo ni sehemu ya ratiba ya utamaduni.

Uso ulimwiva Meya. Sijui nani kati yetu aliinuka kwanza. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa uani nakimbia na viatu vya kuazima, na Meya alinipita akiwa bado na kitambaa cha mezani shingoni. Alimwondoa yule mzee mfupi, akaweka bega lake, na jeneza likanyooka.

Kaburini padri alisoma haraka, ana kijiji kingine. Kulipokuwa kimya niliimba wimbo wa mazishi tunaouimba kanisani kule Chidya, kwa Kiswahili, kwa sababu sikuwa na kingine cha kutoa. Kumbe sauti yake wanaijua. Wale wanawake wakaupokea kwa maneno yao. Meya alikuwa akilia waziwazi kama mtoto. Watoto wa marehemu walifika wakati tunafukia, wamechafuka kwa safari, na Baba Saidi akawapa mikono mmoja mmoja na kuwapa pole kwa Kimakonde. Hakuna aliyehitaji tafsiri.

Tuliporudi nyumbani kwa Meya gari la mkubwa lilikuwa limeondoka. Mezani kulikuwa na vikombe vitano vya kahawa, kimoja kimetumika. Mwalimu wa shule, aliyebaki naye, alisema mkubwa ameaga vizuri na amesikitika kwamba programu haikupangwa sawasawa.

Kurudi

Meya alitusindikiza hadi treni ndogo. Alimwambia Baba Saidi, kupitia kwa Sista, kwamba shule itafungwa mwisho wa mwaka, hiyo ni hakika sasa. Baba Saidi alimwambia asiwe na wasiwasi, ataiwekea kibao. Sista alisita, kisha akatafsiri, na Meya akacheka hadi akalazimika kushika ukuta.

Rufiji pantoni lilikuwa limepona. Masasi shemeji aliuliza Wafaransa wameipokeaje ming'oko, nikasema wameshangaa sana.

Mkutano wa hadhara mliuhudhuria wengi wenu, lakini naona kila mmoja aliondoka na mkutano wake, kwa hiyo nausema tena. Ulifanyika asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Baba Saidi aliwaeleza yote bila kujipamba. Alisema pampu ilikuwa inakuja na kahawa, na sisi kahawa hatukuinywa. Watu walinung'unika, na walikuwa na haki. Yule kijana mwenye duka la vipuri akasimama, akasema tumekwenda hadi Ulaya tukaacha maji ya wilaya nzima kwa ajili ya maiti wa mzungu tusiyemjua.

"Ninamjua," akasema Baba Saidi. "Anaitwa Fernand. Amefuga kondoo."

Mimi nilidhani atazomewa. Wanawake walikuwa wamekaa upande wao, wengine na ndoo, wako safarini kwenda bondeni. Bibi Somoe akanyoosha mkono. Aliuliza kama marehemu alikuwa na watoto. Baba Saidi akasema alikuwa nao, walifika wakati wa kufukia. Akauliza kama kaburi lilikuwa na kina. Baba Saidi akasema nchi ile ni mwamba, walichimba kwa shida, lakini kina kilitosha.

"Na mlikuwa wangapi wa kubeba?"

"Wanne."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema wanne tu, masikini, na sauti ikapita safu hadi safu. Bibi Somoe akasema basi mlifanya vizuri kukaa msibani. Akainuka, akajitwisha ndoo yake, akawaambia wenzake kwamba jua halingoji mkutano. Wakainuka wote, wakaondoka kuelekea mteremkoni, na mkutano ukavunjika bila kufungwa.

Mimi sikuwa na kipindi cha kwanza siku hiyo. Niliazima ndoo kwa mama mpishi wa shule, nikawafuata.